Rangi Inayomkimbia Maduhu

Kijiwe cha kahawa cha Seleman, hapa Mpanda mjini, kina benchi moja lenye mguu mfupi, na anayekalia upande ule ndiye mwenye shida siku hiyo. Leo ni Maduhu. Nyumba yake ya Karema, hatua chache kutoka ziwani, imepakwa rangi mara mbili, na mara zote mbili rangi imevimba malengelenge ikabanduka. Mkewe, Lucia, ameapa hahamii mpaka ukuta uache kuvua nguo mbele za watu. Huu ni mwezi wa nne Maduhu anakula dagaa peke yake, na upweke unamuuma. Ndiyo maana amekuja mjini kutafuta fundi rangi wa kweli, aliyesomea.

— Chukua wa mitumbwi, akasema Uwesu, waliyembatiza Kapteni ingawa hajawahi kupanda hata mtumbwi. Mtumbwi unashinda majini na rangi iko palepale. Sembuse nyumba?

Alex, ambaye miwani tu ilimpa uprofesa, akakataa.

— Fundi hana kosa. Kosa ni bluu. Ziwa lina bluu yake, nyie. Ukipaka bluu pale ufukweni linaona umeiiba, linakuja kuichukua.

— Mara ya pili nilipaka njano.

— Hapo ndo ukalitukana kabisa.

Kapteni naye akaleta habari ya mvuke wa dagaa: ukikaanga kila siku, mafuta yanapenya tofali, rangi inateleza. Profesa akahitimisha kwa wahenga.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sasa we ukuta ushajenga. Ufa unakuhusu nini?

Seleman alikuwa anamimina kahawa ya mwisho kwa mgeni aliyesimama pembeni, mwanamke mwenye suruali ya madoa ya rangi. Alisema anaitwa Odeta, kazi yake kupaka nyumba, na ana swali moja.

— Kaka, plasta ilipopigwa, ulisubiri siku ngapi ndo ukapaka?

Kapteni akamtazama Profesa. Profesa akavua miwani, akaifuta.

Maduhu alijua jibu. Kwao Kibaoni, mama yake alipaka udongo mweupe ukuta ukiwa bado mbichi, ili ushikane. Yeye akafanya hivyohivyo kwa saruji, tena kwa kujisifu. Rangi ilipobanduka akabomoa plasta, akarudia vilevile.

— Asubuhi plasta, akasema polepole. Jioni rangi.

Odeta hakucheka. Alimwambia maji yaliyofungiwa ndani lazima yatafute mlango. Akwangue rangi yote, aache ukuta ukauke mwezi mzima, kisha ampigie simu.

Mwezi mzima. Maduhu akatoa simu, akasogea mbali na benchi. Lucia alipopokea, Maduhu hakumtaja fundi wala ziwa.

— Mama Iman, akamwambia mkewe, ukuta hauna kosa. Ni mimi niliyeharakisha. Nilitaka uje upesi.