Dumu la Upasuaji

Teksi ya Gbarnga ilikuwa haijatoka hata Monrovia, mzee Tokpah ameshaziba pua. "Mama, hilo dumu la petroli mapajani mwako litatuchoma sote!"

"Nivumilie, mzee wangu," alisema Garmai. "Dada yangu anapasuliwa saa nane, mtoto amekaa vibaya. Pale hospitalini jenereta ni lao, mafuta ni ya mgonjwa."

"Na wale madaktari wa kigeni?"

"Si walifungasha! Walisema vita vimekwisha, hatuna tena dharura. Wakatugawia fulana."

"Hongera, basi. Amani imefika."

"Imefika kweli. Enzi za risasi tulizalishwa bure, taa zinawaka mpaka chooni. Kosa letu kuacha kupigana."

"Usikufuru, mama. Mimi vita vilinichukulia wana wawili."

Garmai alilikumbatia dumu lake. Aliangalia mashamba ya miti ya mpira yakipita dirishani, mpaka yakaacha kupita. Gari lilikohoa mara mbili, likazima. Dereva akatazama mshale wa mafuta, akageuka nyuma taratibu.

Mzee Tokpah akaiachia pua yake.

"Mwanangu," alimwambia Garmai kwa upole, "hilo dumu lina lita ngapi?"