Nguo ya Kuendana na Nywele za Fausta

Nyuma ya soko la Mpanda, mwaka tisini na sita, palikuwa na taruma kuukuu la reli lililolazwa juu ya mawe mawili, na watu wakakubaliana kuliita benchi. Kijiwe chenyewe kiliitwa Rufaa, kwa kuwa kila mwanaume aliyeshindwa kesi nyumbani kwake alikuja kuikatia rufaa pale, na hajawahi kutokea aliyeshinda. Asubuhi hiyo ya Jumamosi Pontien, muuza kahawa, alikuwa amekwisha kumimina mzunguko wa kwanza. Walioketi ni watatu: Telesfori, fundi redio aliyeitwa Fesi Tatu, Gelasius, aliyelinda geti la zahanati miaka sita akatoka hapo akiitwa Daktari, na mzee Nkwabi, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, ambaye kila jambo alilipima kwa jicho la mnadani, ndiyo maana wakamwita Mnada. Wa nne, Masunga fundi baiskeli, hakuketi. Alisimama akiikunja kofia yake na kuikunjua, na mtu akisimama Rufaa ujue maji yamemfika shingoni.

— Kaa, ng'wanawane, tukusikilize, alisema Nkwabi, akimwita mwanangu kwa Kisukuma, maana kijana alikuwa Msukuma mwenzake.

— Nina shida ya rangi, mzee.

— Rangi ya baiskeli?

— Ya mchumba.

Pontien akaacha kumimina.

Mambo yalikuwa hivi. Fausta, mchumba wa Masunga, alikwenda saluni Jumatano akatoka na nywele za kahawia. Na kesho, Jumapili, baada ya misa, angetambulishwa rasmi kwa ndugu. Na ukoo wa kina Fausta, Wapimbwe wa Usevya waliohamia mtaa wa Nsemulwa, ulikuwa na desturi moja isiyo na huruma: nguo ya siku hiyo pamoja na vipodozi huchaguliwa na mchumba, naye haruhusiwi kumwuliza mwanamke yeyote. Shangazi Theopista hukagua. Akiona havimkai binti, huvirudisha vimekunjwa vizuri, bila neno, na uchumba umekwisha hapo. Mwaka juzi mwalimu mmoja alirudishiwa kitenge cha zambarau, na hadi leo anapita njia ndefu kwenda shuleni asikutane na ile nyumba. Masunga alimpenda Fausta hata usingizi ukampungua, na rangi alizozijua maishani ni mbili, nyeusi na nyekundu, kwa sababu ndizo baiskeli zilizokuwa zikija.

— Sasa mimi nauliza, akasema. Nywele za kahawia zinaenda na nguo gani? Na mdomoni apake nini? Shangazi anataka vitu kabla ya jioni.

Daktari akatikisa kichwa kwa masikitiko.

— Nywele za kahawia. Anakula nini huyo binti?

— Amezipaka rangi, kaka. Saluni.

— Wote husema hivyo. Kule zahanati mtoto akija na nywele za kahawia tulimwandikia maharage.

— Nani alimwandikia? Fesi Tatu akadakia. Wewe si ulikuwa unafungua geti?

— Nililifungua wakati anaandikiwa.

Masunga alichana kipande cha boksi la tairi, akatoa kalamu, akaandika: maharage. Mfa maji haachi kutapatapa.

— Nyie mnapoteza muda, alisema Nkwabi. Nauliza hivi: ng'ombe wa kahawia, ukitaka apendeze mnadani, unamsimamisha wapi?

Akajijibu mwenyewe.

— Kwenye majani mabichi. Anawaka! Hata akiwa amekonda. Basi kijani. Kitenge cha kijani kitupu.

— Mzee, Fausta si wa mnadani.

— Sijasema ni ng'ombe. Nimesema jicho ni lile lile.

— Na mdomoni?

Mzee akafikiri kwa haki kabisa.

— Ng'ombe hapaki kitu. Hapo sina utaalamu.

Masunga akaandika: kijani. Fesi Tatu alikuwa amekwisha kuweka kikombe chini, dalili kwamba sayansi inakuja.

— Acheni mambo ya malisho. Mshikaji wangu, ukifungua waya wa pasi, hizi pasi mpya, unakuta rangi ngapi ndani?

— Sijawahi kufungua.

— Tatu. Kahawia, bluu, na kijani chenye mstari wa njano. Unadhani waliotengeneza walikurupuka? Walikaa kikao. Kahawia ndiyo yenye moto. Bluu inaurudisha. Kijani na njano ni ethi, inaupeleka ardhini. Sasa tazama: kichwani kahawia, mwilini bluu, miguuni viatu vya kijani vyenye mstari wa njano. Saketi imekamilika.

— Viatu hivyo vinauzwa wapi Mpanda hii?

— Hilo ni swali la biashara. Mimi naongelea sayansi.

— Asipovivaa?

— Atakayemshika mkono atarushwa. Na kesho wa kwanza kumshika mkono ni padri.

Pontien akafanya ishara ya msalaba kwa heshima ya padri. Masunga alijua kabisa kwamba huo ni upuuzi, lakini mkono wake ukaandika bluu. Aliitazama orodha yake, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akaogopa kweli. Alijiona akipita njia ndefu pamoja na yule mwalimu, wawili hao wakisalimiana kwa kichwa.

— Usoni mniachie mimi, alisema Daktari. Mnaijua jivii, ile dawa ya zambarau ya vidonda? Lipstiki iwe rangi ile. Sijawahi kuona mtu aliyepakwa jivii asitazamwe.

— Zambarau ndiyo iliyomponza mwalimu!

— Mwalimu alikosea mahali. Yeye aliivalisha kiunoni. Na poda iwe nzito, usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Uso wake hauna ufa! Masunga akapaza sauti, mpaka muuza dagaa wa jirani akageuka.

— Basi ukuta upo tayari, paka chokaa tu.

— Wanja uwe mweusi, aliongeza Fesi Tatu. Nyaya za zamani zilikuwa nyeusi na nyekundu. Mwacha asili ni mtumwa.

Nkwabi alikuwa akizungusha machicha ya kahawa kikombeni. Mzee akizungusha hivyo, jambo zito linaiva.

— Kwa nini tunapigana na kahawia? akauliza. Avae kahawia. Kitenge kahawia, kilemba kahawia, viatu kahawia, mdomo kahawia. Kule mbugani simba ni kahawia, na kiangazi nyasi ni kahawia. Umewahi kusikia simba amerudishiwa nguo?

— Hapo mzee umepiga bomba, akakiri Daktari. Shangazi hataona nywele zinaishia wapi wala nguo inaanzia wapi. Atakagua mpaka achoke.

— Hataona hata kama binti yupo, alisema Fesi Tatu.

— Si ndiyo ushindi? Nkwabi akauliza.

Wakaanza kugombana watatu kwa pamoja, kijani, bluu na simba, na Masunga akasahaulika pale pale alipokuwa amesimama.

Hapo ndipo alipofika mwanamke mmoja wa makamo, kanga kiunoni, madumu mawili mikononi. Aliyatua chini taratibu, akajinyoosha mgongo, akaomba kahawa. Alikuwa Tereza wa Inyonga, muuza asali, ameshuka kwenye lori muda huo huo.

— Hamjambo, kina baba. Mnagombea nini?

— Shikamoo, mama, alisema Masunga, akarudi nyuma hatua moja. Samahani, mimi sikuulizi kitu. Desturi hairuhusu.

Fesi Tatu akamweleza kesi yote, toka saluni hadi simba. Tereza alisikiliza huku akipuliza kahawa yake. Hakucheka, na hilo lilimtisha Masunga kuliko kicheko.

— Mimi sitakujibu, mwanangu, wala sitakuchagulia. Nitakuuliza tu. Ni kahawia gani?

— Kahawia ya... kahawia.

— Kahawia ziko nyingi. Hapa tu nina mbili. Asali ya dumu hili ukiiweka juani inaelekea njano. Ya lile ni nzito, ukiiweka juani inatoa wekundu kwa ndani. Hizi huwezi kuziwekea kitambaa kimoja. Nywele za huyo binti, akikaa juani, zinaelekea wapi?

Wote wakamgeukia Masunga.

Masunga akajaribu kukumbuka. Jumatano jioni alikaa na Fausta uani kwao saa nzima, na jua lilikuwepo. Akalitafuta lile jua, akaliona. Akatafuta kichwa cha Fausta, akayaona magoti yake mwenyewe na mikono yake juu ya magoti, maana saa ile yote alikuwa akiificha grisi iliyobaki kwenye kucha.

— Si ulituambia ni kahawia? Daktari akauliza.

— Aliniambia yeye, Masunga akajibu.

Mzee Nkwabi, aliyewahi kuwatambua ng'ombe wake mia moja na arobaini kila mmoja kwa baka lake, aliinamisha kichwa kama aliyefiwa. Fesi Tatu alinyoosha kikombe chake, na Pontien akainamisha birika mpaka mwisho. Yakatoka machicha.

Masunga alikitupa kile kipande cha boksi, akapanda baiskeli. Kutoka sokoni hadi Nsemulwa alipiga pedali mfululizo bila kumsalimia mtu. Alimkuta shangazi Theopista mlangoni, mikono kiunoni, na Fausta uani akipeta mchele, kitambaa kichwani.

— Vitu viko wapi? shangazi akauliza.

— Bado sijanunua, shangazi. Nimekuja kwanza kumtazama Fausta. Sijamtazama vizuri.

Shangazi alimpima kwa macho, kisha akampisha apite uani. Fausta aliweka ungo chini. Akasogeza kigoda kutoka kivulini, akaketi pale jua lilipopiga, akafungua kitambaa. Masunga akachuchumaa mbele yake na mikono yake yenye grisi, bila kuificha, akaanza kuangalia.

— Haya, tazama, alisema shangazi Theopista, akiingia ndani. Lakini fanya haraka, duka linafungwa saa kumi.