Sahani za Lorna Trezise

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Hii ni redio yenu ya Yandrilla, na mimi ni Mervyn Obst, yuleyule wa kila Alhamisi asubuhi. Leo hakuna bei ya kondoo. Hakuna salamu. Leo tunamkumbuka Bi Lorna Trezise, aliyefariki Jumapili akiwa na miaka themanini na moja. Nawaomba radhi mapema. Nimezoea kusimulia habari za marehemu kwa sauti ya upole. Leo nina kinyaa, na sitakificha.

Lorna Trezise, mjane wa Garth. Mfugaji wa kondoo na mkulima wa ngano, kule kilimani ambako kofia haikai kichwani. Alikata manyoya ya kondoo kwa mikono yake mpaka miaka sitini na tano. Alikuwa na mdomo, na zamani tuliupenda. Fundi mmoja aliyekuja kumjengea ua alimwambia kazi ile haimfai mwanamke. Lorna akamjibu, "Basi kaa kivulini, baba. Nikimaliza nitakuletea maji."

Miaka kumi na sita iliyopita, kampuni ya umeme wa upepo ilikuja kupima vilima vyetu. Walianza kwa Rex Hentschke, jirani yake Lorna. Upepo wa kwa Rex haukutosha. Wakaenda kwa Lorna, ukatosha. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, wala msidanganyane kwamba ni kelele au mandhari. Rex alikuwa ameshachagua rangi ya trekta jipya. Wiki iliyofuata akawa mtetezi wa ndege na wa machweo. Sizitaki mbichi hizi.

Lorna hakutia saini siku ile. Tamsin, bintiye, alikuwepo mezani, na ameniambia hivi: "Mama aliwarudishia karatasi zao. Akasema, mitambo mtaweka kwangu, lakini utakaoitazama ni mji mzima. Basi mji mzima nao ule. Kila mwaka mtoe fungu la mji, na mji wenyewe uamue la kufanya. Hamtaki, chukueni kofia zenu." Walirudi mara tatu. Mara ya tatu wakakubali, ndipo akatia saini.

Narudia, kwa sababu wapo wanaojifanya hawajui. Mfuko wa upepo wa Yandrilla aliudai Lorna Trezise. Barua ya kampuni iliyosema hivyo ilisomwa ukumbini mbele yetu sote. Nilikuwepo. Hakuna aliyepiga makofi. Mtu alikohoa, tukaendelea na ajenda ya vyoo.

Sasa tuje kwenye orodha. Mnajua kwetu mtu akizikwa, chai hunywewa ukumbini, na walio kwenye orodha ya zamu huleta sahani ya chakula. Chini ya sahani hubandikwa kipande cha plasta chenye jina, ili irudi kwa mwenyewe. Mama zetu walifanya hivyo, na mama zao. Kutolewa kwenye orodha ile ni kuambiwa huna mji.

Mwaka mitambo iliposimama, jina la Lorna lilikatwa. Verna, katibu wa kamati ya chai, alilikata kwa kalamu nyekundu. Msiba wa kwanza uliofuata, Lorna alileta sahani yake hivyo hivyo: keki ya tangawizi, krimu katikati. Wakaisukuma chini ya meza. Jioni ikarudi nzima kama ilivyokwenda, na jina lake chini. "Mama alisema mbwa watafurahi," Tamsin ameniambia. "Halafu akaenda bandani, akakaa huko mpaka chakula kikapoa."

Alikwenda kwa Verna mara moja tu. "Niandike tena, Verna. Sikuombi kingine." Verna akamjibu, "Orodha imejaa, mwenzangu." Imejaa. Mji wa watu mia tatu.

Na mimi je? Mimi nilikuwa kwenye kiti hikihiki, nikiita mitambo ile mapangaboi ya Lorna. Nilisema kuku wa Rex wameacha kutaga kwa sababu ya mapangaboi ya Lorna. Mlicheka. Mlinipigia simu kunipongeza. Kumbe kuku wenyewe walikuwa wazee.

Wasikilizaji wapendwa, tazameni tulichokula. Paa la ukumbi lilikuwa linavuja juu ya jeneza. Mfuko wa upepo ukaliezeka. Nesi anakuja kila Jumanne. Analetwa na mfuko wa upepo. Shule ilikuwa ifungwe, ikabaki kwa sababu mafundi wa mitambo walihamia na watoto wao. Miaka mitatu ya ukame, vijana wetu walipata kazi kilimani badala ya kukimbilia Adelaide. Na chombo hiki kinacholeta sauti yangu masikioni mwenu kimenunuliwa na mfuko huohuo. Fomu ya maombi niliijaza mwenyewe. Kisha nikarudi hewani, nikaendelea kumcheka.

Januari ile ya moto mnaikumbuka. Moto ulikuwa unaishukia nyumba ya Rex. Gari jipya la zimamoto, la mfuko wa upepo, lilimfikia kwa barabara ya mitambo, kwa sababu njia nyingine ilikuwa haipitiki. Lorna ndiye aliyesimama getini kwake na kitambaa puani, akiwafungulia. Nyumba ikapona. Nikamhoji Rex hapa studioni. Akasema, "Bahati tu. Upepo uligeuka." Shukrani ya punda ni mateke, na mimi nikamshukuru kwa kuja.

Miaka kumi na minne, misiba yote ile, Lorna alikaa safu ya nyuma, akinywa chai bila kusemeshwa. Nasi tukila. Na kila msiba, mezani palikuwa na keki ya tangawizi, krimu katikati. Hakuna aliyejua ni ya nani. Tuliigombania. Rex alikuwa akificha kipande chini ya kofia. Watu wakimwuliza Verna, "Hii ni yako?" Verna alikuwa akitabasamu na kuinamisha macho. Hakusema ndiyo. Hakusema siyo. Sifa akazipokea.

Juzi Jumanne nilikwenda ukumbini kupanga viti vya maziko ya Lorna. Verna alikuwa jikoni, akitoa vyombo kwenye kabati la chini, lile la sahani zisizo na wenyewe. Akazipanga mezani. Zilikuwa thelathini na sita, zote za mtumba, hakuna mbili zinazofanana. Chini hakuna plasta. Tamsin akaingia na shada la maua. Akasimama.

"Hizi ni za mama," akasema.

Verna akasema, "Haiwezekani."

"Kila msiba alikuwa akinunua moja duka la mitumba. Anakuja asubuhi kabla yenu, anapitia mlango wa nyuma, anaiweka. Hawezi kubandika jina, mngeisukuma chini ya meza. Na hawezi kuja kuichukua, mngejua." Tamsin aliichukua moja yenye waridi, akaifuta kwa mkono. "Nilimwambia, mama, achana nao. Akaniambia, wakila, inatosha. Lakini haikumtosha. Kila akirudi alikuwa akiniuliza, umeangalia orodha?"

Verna alikaa kwenye ndoo. Akasema, "Sasa Ijumaa keki ataleta nani?"

Niliondoka nikaitazama orodha, ipo pale nyuma ya mlango. Mstari mwekundu bado upo. Nimepita mlango ule miaka kumi na minne na kalamu mfukoni.

Tamsin, mwanangu, pole. Poleni wajukuu. Pole haitoshi, najua, na inatoka kwenye mdomo uliomdhihaki mama yenu. Nawaomba msamaha, na sidai mnipe.

Wasikilizaji wapendwa, maziko ni kesho Ijumaa saa nane mchana, kisha chai ukumbini. Nilidhani Tamsin atatunyima chai, na angekuwa na haki. Hakutunyima. Keki ataoka yeye, ya tangawizi, krimu katikati, na ataipakua kwenye sahani zile zile. Jana alikuwa na mkasi na plasta, akiandika. Ameniachia ujumbe niusome kama ulivyo, nami nausoma: "Karibuni mle. Msiache hata punje. Mkimaliza, kila mtu ageuze sahani yake, asome kwa sauti."

Fikirini hilo leo mnapokwenda kulala. Rex, njoo. Verna, njoo. Mimi nitakuwa wa kwanza kusoma.