Sanda ya Bekhiti

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka shangazi yangu Mahrusa, na nianze kwa kujisifu kidogo. Siku Bekhiti alipokuja mlangoni kwake, nilisimama pale na bunduki. Sikupepesa jicho.

Bekhiti alimuua Wisa, mwana pekee wa shangazi, wakigombea maji ya shamba la miwa. Shangazi akakataa rambirambi. Kijijini kwetu, mama akikataa rambirambi, anataka damu. Hakuweka viti nje. Hakupika kahawa. Kila alfajiri alikwenda kanisani, akasimama mbele ya pazia la madhabahu. Hakuomba faraja. Alimwomba Mungu ampe Bekhiti.

"Mama, haombwi hivyo," padri akamwambia.

"Aombwe vipi, Abuna? Nimdanganye? Moyoni sina kingine. Nampelekea hicho hicho."

Padri akakuna ndevu. "Basi usiache kuja."

Hakuacha. Majirani wakamkejeli: "Mahrusa, Mungu wako bado amelala?"

"Akiamka, mtafua damu nyie!"

Asubuhi moja Bekhiti akaja peku, kabeba sanda yake mwenyewe mikononi. Mnajua maana yake: niue au nisamehe. Shangazi akatoka na kisu cha miwa. Akamkaba ukosi. Kisu kikafika shingoni. Kikakaa hapo hapo.

"Nilimwomba akulete wewe tu," akasema, machozi yanamtiririka. "Mbona na Yeye kaja?"

Kisu kikaanguka. Akampokonya ile sanda. "Hii inabaki kwangu. Ingia ndani, mbwa wewe, unywe kahawa." Kahawa chungu, bila sukari. Ndipo tukaweka viti.

Jana tulimzika shangazi ndani ya sanda ile ile. Aliagiza mwenyewe: "Nizikeni nayo, asije akaivaa mtu mwingine."

Ndugu zangu wote, poleni. Nawe unayesali huku unanoa kisu, usiache kusali. Mtafute Mungu hivyo hivyo, na hasira zako. Hutarudi mikono mitupu. Mimi, kusema kweli, Bekhiti sijampa mkono hadi leo. Mtu wa bunduki...

Ngoja, kuna simu ya msikilizaji. Haloo, nani mwenzangu?

"Bekhiti. Pole, mwanangu. Ila bunduki gani hiyo? Wewe siku ile ulikuwa zizini, nyuma ya nyati wenu wa maziwa. Niliona ndara zako."

...

"Haloo? Pole yangu unaipokea, au bado umejificha?"