Konokono Waliokataa Chai

Nje ya duka la Muriuki, pale Ndanai, kuna benchi ambalo halijawahi kutatua shida ya mtu, na bado watu huliletea shida zao. Leo zamu ni ya Kipkurui, anayeitwa Meneja tangu alipotangaza kufuga kuku elfu moja akaishia tisa. Safari hii ana oda ya kweli: hoteli moja ya Kericho inataka konokono mia mbili wanono ifikapo Ijumaa. Amewajaza kwenye nyumba ya ndama, ndama kahamia jikoni, na mkewe Jerusa ameapa kwamba wasiponunuliwa, wao na Meneja wao watalala nje. Shida ni moja. Hawali.

— Nimewapa majani chai, akasema Kipkurui. Majani mawili na chipukizi! Ile karani wa kituo cha chai hawezi rudisha. Wanaangalia tu.

— Hiyo ni maringo, akasema Muriuki mwenyewe, ambaye benchi humwita Holseli, yaani muuza jumla. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Konokono atashika jembe na nini?

— Mimi nimetoa methali. Kutekeleza ni wewe.

Bosire, muuza dawa za ng'ombe na kwa hivyo Daktari, akaweka kikombe chini.

— Uliwatoa wapi?

— Huko mpaka wa Kisii.

— Basi! Hao wamezoea ndizi. Wewe unawaletea chai mbichi, haina maziwa, haina sukari. Hata mimi ningegoma.

— Niwapikie?

— Na usiweke tangawizi.

— Wacha uongo, Daktari, akasema Holseli. Wanasikia lori ya kiwanda ikipita. Wanajua chai inaenda kusagwa, wanaona wao ndio wanafuata.

— Konokono hana masikio!

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Unadhani miguu yao ilienda wapi?

Benchi likacheka. Kipkurui hakucheka. Asubuhi alikuwa amewazika thelathini nyuma ya choo, haraka, Jerusa asione.

— Hao wamefunga, Daktari akaendelea. Wako kwa maombi ya siku arobaini.

— Ijumaa ni keshokutwa!

Tecla, mchuma chai, alikuwa amesimama kununua kiberiti, kikapu mgongoni.

— Chamgei, Kipkurui, akasalimu kwa lugha ya kwao. Miaka ishirini nachuma. Mbuzi wakiingia shambani wanakula nyasi, chai wanaacha. Wewe umeona mnyama gani akila majani chai?

Holseli akachungulia kikombe chake. Kipkurui akachomoa jani kwenye kikapu, akatafuna mbele ya watu. Uchungu ukamtoa machozi. Akatema.

— Holseli, nipe sukuma wiki. Yote.

— Iliisha asubuhi. Jerusa alibeba yote. Nikamuuliza kama kuna harusi, akasema kuna wagonjwa kwa nyumba ya ndama.

— Na saa hii yote ulikuwa unaniambia nini?

— Wewe hukuuliza sukuma, Meneja. Uliuliza konokono.