Mulango Yenye Kupiga

VIVIANE: Haloo? Ni nani? Hii namba sijue.

BERNADETTE: Ni miye, yaya yako. Nimeomba simu ya jirani, yangu imezimika. Mulilala muzuri Bunia?

VIVIANE: Tulilala, yaya. Na nyinyi huko Kasenyi?

BERNADETTE: Tuko. Sikiya, crédit ya simu ni kidogo. Bailleur wako, mwenye nyumba, alinipigia. Anasema ulikata courant, umeme ya nyumba zote za parcelle yake, ukamupatisha haya mbele ya—

VIVIANE: Nilikata. Hakudanganya.

BERNADETTE: Na sasa nyumba zote ziko na courant, yako tu hapana, alikukatia. Enda umuombe pardon, mambo iishe.

VIVIANE: Siendi.

BERNADETTE: Viviane. Siye tulikimbia vita, hatuna kwetu. Ile nyumba ni miye nilikutafutia.

VIVIANE: Najua. Alikuambia juu ya mulango?

BERNADETTE: Mulango gani?

VIVIANE: Basi hakukuambia. Mvua ilinyesha juzi. Nikatoka sokoni, nikashika mulango yangu ya chuma, courant ikanipiga mupaka kwenye bega. Nikaanguka mu matope.

BERNADETTE: Mutoto alikuwa wapi?

(Viviane anahamisha simu kwenye sikio ingine.)

BERNADETTE: Haloo? Réseau imekata—

VIVIANE: Niko. Alikuwa mugongoni.

BERNADETTE: Mugongoni?

VIVIANE: Alilia, njo nikajua iko muzima. Nikaenda moja kwa moja kwa compteur, ile mita ya wote, nikashusha manette, ule mukono wa kuzima, courant ikakatika kwa wote. Bailleur akakuja na hasira, eti niko muoga, mulango haina kitu. Nikamuambia: «Papa Evariste, miye nawasha sasa hivi. Weye vua viatu, ushike.»

BERNADETTE: Mbele ya batu?

VIVIANE: Majirani wote walikuwa hapo. Alivua kiatu kimoja. Akaangalia mulango. Akavaa tena.

BERNADETTE: (anacheka kidogo) Kisha?

VIVIANE: Alitaka kupandisha manette, jirani yangu mama Kahindo akasimama mbele ya compteur, akakataa kutoka. Basi akaleta technicien. Yule akapanda juu, akakuta panya walikula waya, inagusa mabati, na mabati inagusa chuma ya mulango.

BERNADETTE: Lakini si kuna ile disjoncteur? Huku Kasenyi ikiona shida inaanguka yenyewe, courant inakatika.

VIVIANE: Ilikuwa inaanguka kila mvua. Papa Evariste akachoka nayo, akaunganisha waya pembeni ili courant isipitie mule. Technicien alitufasiria: ile kitu inapima courant yenye kwenda na yenye kurudi. Ikiona ingine imepotea njiani, inakata. Haikuwa ya kuharibika, yaya. Siku zote ilikuwa inafanya kazi yake.

BERNADETTE: Na sasa?

VIVIANE: Amebadilisha waya, amerudisha disjoncteur, amepigilia fito ya chuma mu udongo nyuma ya nyumba na kufunga waya toka mabati mupaka pale. Courant ikitoroka tena, itashukia mu udongo, haitatafuta mutu.

BERNADETTE: Kumbe yote imetengenezwa. Sasa pardon ni ya nini?

VIVIANE: Ya kile kiatu.

(Réseau inakwaruza.)

BERNADETTE: Haloo?... Unasema—

VIVIANE: Anataka nipige magoti mbele ya majirani bale bale walimuona akikivaa tena. Mama Kahindo alitaka kunipitishia waya kutoka kwake, nikakataa. Waya ya dirishani, mvua inanyesha, hapana. Nitakaa mu giza.

BERNADETTE: Akikufukuza?

VIVIANE: Wapangaji wengine wamesema watatoka na miye. Nyumba zake zitabaki za panya.

BERNADETTE: Dereva wa gari ya samaki anapanda huko Bunia kesho. Nitamupa taa ya panneau, ya jua, ile ya wavuvi. Inawaka usiku wote.

VIVIANE: Kwa hiyo nisiende kwake?

BERNADETTE: Mutoto alikuwa mugongoni, na ule mubaba ananipigia miye simu juu ya haya yake. Viviane, unanisikia?

VIVIANE: Nakusikia.

BERNADETTE: Ukimupigia magoti, miye na weye hatutaongea te—

VIVIANE: Yaya? Haloo?... Crédit imeisha.