Ukurasa wa Komeo: Maisha ya Baba Yetu, Mkaguzi wa Bunduki

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne wa fundi kufuli na mshona nguo. Akiwa na miaka sita alifungua kufuli ya mlango ili aone ndani kuna nini, akairudisha huku springi moja imebaki mkononi. Babu hakumchapa. Alimwambia tu, "Hicho kilichobaki ndicho kilichokuwa na kazi." Baba aliturudia maneno hayo mpaka tukayachoka.

Alimaliza sekondari ya ufundi mwaka 1970, wa kwanza kwa hesabu na wa mwisho kwa kuimba. Februari 1972 aliajiriwa kiwanda cha silaha, kitengo cha ukaguzi. Wenzake walimwita Maikromita, jina la kifaa cha kupimia unene wa chuma, kwa kuwa hakukubali kitu kwa macho matupu.

Tarehe 9 Agosti 1975 alimwoa mama yetu, mpishi wa kantini ya kiwanda. Mama husema hakuandikiwa hata barua moja ya mapenzi. Alitengenezewa mzani wa jikoni, nao unapima sawasawa hadi leo.

Mwaka 1983 kiwanda kiliacha kuagiza bunduki ya kigeni, kikaanza kuunda ya kwetu kwa kuiiga ile. Baba alipewa zote mbili azilinganishe. Ya kwetu ilikuwa nyepesi zaidi, kitako chake kilikaa vizuri begani, na mchanga haukuisumbua. Hayo yote aliyaandika kwenye ripoti yake kwa fahari. Tatizo lilikuwa komeo, kile chuma kinachozuia mlipuko usimrudie mpigaji usoni. La kigeni lilipikwa tanurini kwa muda wa saa tisa ili likomae. La kwetu lilipikwa kwa saa nne tu, maana tanuri lilikuwa moja na siku ya gwaride ilikuwa imekaribia. La kigeni lilimaliza risasi elfu sita likiwa zima. La kwetu liliingia ufa kwenye risasi ya elfu moja na mia tisa.

Meneja alimwita. "Fundi, kumbe wewe unapenda ya wageni kuliko ya kwetu?"

"Naipenda ya kwetu, bosi. Ndiyo maana nataka ipikwe ikaiva."

"Huo ukurasa wa komeo utoe, kisha usaini upya."

Tulikuwa watoto watatu, tukiishi nyumba ya kiwanda. Baba aliutoa ukurasa, akautia mfukoni, akasaini.

Mwaka 1986 askari mmoja alipoteza jicho la kulia mazoezini, komeo la bunduki hiyo lilipopasuka. Baba alimtafuta hadi akampata, akamweleza ukweli wote. Askari alisikiliza, kisha akauliza, "Sasa mimi nikufanye nini, kaka?" Baba alimtembelea kila mwezi kwa miaka thelathini na mbili, akimtengenezea milango na cherehani ya mkewe, nasi tukidhani ni rafiki tu. Kiwandani alipeleka barua kumi na saba. Hakuna iliyojibiwa, na bunduki zile bado zinagawiwa. Alipostaafu mwaka 2011 walimzawadia picha ya bunduki hiyohiyo kwenye fremu. Aliitundika ikitazama ukuta.

Novemba 2017 alianza kuugua mapafu. Alilazwa mara nne, akazidi kukonda. Alifariki Jumanne tarehe 18 Juni 2019, saa nne asubuhi, mama akiwa amemshika mkono. Kiwanda kiliomba kupiga risasi za heshima leo. Mama aliuliza, "Kwa bunduki ipi?" Walipoitaja, akakataa.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja, na askari wetu, ambaye kwa ombi la marehemu amekaa mbele pamoja na familia.

Wiki mbili kabla hajatutoka aliniomba mimi, binti yake mkubwa, ule ukurasa uchapwe humu, kwenye wasifu wa mazishi yake. "Humo hakuna meneja," alisema. Wote haukutosha. Mstari wake wa mwisho ni huu: "Mwenye bunduki hii afungue komeo, atazame upande wa kushoto, chini ya jino la kwanza. Akiona ufa, hata uwe mwembamba kama unywele, asipige tena."

Mungu ampe amani aliyoikosa tangu siku aliyosaini. Wenye watoto jeshini, tafadhali msiziache karatasi hizi hapa makaburini.